Fimbo Ubavuni mwa Pikipiki

Tairi la nyuma lilipoisha upepo katikati ya msitu, muuguzi alisonya. Kwenye sanduku kulikuwa na chanjo, na barafu ilishaanza kuyeyuka. Pikipiki ilikuwa na stendi ya upande mmoja tu. Angeliinuaje tairi, peke yake, kwenye tope?

Ndipo akaikumbuka ile fimbo.

Aliyeifunga ubavuni mwa pikipiki ni mume wa mama yake, ambaye tangu utotoni alimwita Mzee, basi. Ilikuwa fimbo fupi yenye panda, mbaya ajabu.

"Mzee, hii ni pikipiki, si mbuzi," alimwambia siku ile. Mzee alicheka tu, akakaza kamba.

Sasa aliiegemeza pikipiki kwenye stendi, akaitia panda ya fimbo chini ya chuma cha upande wa pili. Tairi likanyanyuka, likazunguka hewani. Fimbo haikuzidi wala kupungua. Kumbe mtu alipiga magoti uani, akapima.

Kwenye panda palizungushiwa ngozi, ili chuma kisichubuke. Akaigusa. Ilikuwa na matundu ya mkanda.

Na yeye mwaka mzima alikuwa akimtania Mzee kwa kufunga suruali na kamba ya katani!

Aliziba pancha, akajaza upepo, akapanda hadi kilimani penye mtandao. Akapiga simu.

"Baba," alisema, machozi yakimlengalenga.



"Hapana, binti," Mzee akajibu kwa upole. "Mimi hakuna aniitaye Baba. Umekosea namba."