Breki za Rimu za Kaboni

Mukakalisa alisimama chini ya mteremko wa Keshero, akimtazama mdogo wake akishuka kwa baiskeli ya mbio. Kesho yake mdogo huyo angekimbia peke yake, akishindana na saa.

Magurudumu ya kaboni aliyafunga mwenyewe asubuhi, katika karakana yake ya Ndosho. Rimu, zile pete za nje za gurudumu, zilikuwa na kimo cha kiganja, tena nene kuliko zile za zamani za alumini, ikabidi apanue mikono ya breki inayozibana. Raba za breki za zamani zingeunguza kaboni, kwa hiyo alizitoa na kuweka zinazoifaa. Lakini hakuwahi kufanya kazi hiyo kabla ya siku ile.

Ghafla lori la mawe likakata barabara.

Mdogo wake akabana breki. Gurudumu likalia kwa sauti nyembamba, halikuyumba, na baiskeli ikasimama hatua kumi kabla ya lori.

Mukakalisa akapiga magoti kwenye vumbi jeusi, akapitisha kidole juu ya rimu. Ilikuwa vuguvugu tu, laini, bila alama yoyote.

"Yaya, zinashika," mdogo wake alimwambia dada yake, akihema.

"Nimeona. Sasa twende nikule. Tangu jana chakula kilinikataa kwa kuwaza breki hizi."