Sekunde Nne za Sauti

"Rudisha," alisema Bi Mkasi. "Hapo hapo, dakika ya sitini na moja."

Fundi mitambo akarudisha kwa mara ya tatu. Kwenye ukuta mweupe wa chumba cha bodi kikaonekana tena kisogo cha mwanamke mzee, nywele zimekatwa fupi, na mbele yake mlango ulio wazi. Mwanamke akaita jina moja la kike, la kizamani, ambalo siku hizi watoto hawapewi. Sekunde nne. Kisha kimya.

"Inatosha. Washa taa."

Wakaguzi wa filamu walikuwa watatu: Mwenyekiti, mzee mmoja mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, na Bi Mkasi mwenyewe. Jina hilo alibandikwa na watengeneza filamu kwa jinsi alivyokata bila huruma, na kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu pale ofisini aliyemwita vinginevyo. Alikuwa ameshaona watu wakichinjwa, wakizikwa hai, wakinyonywa damu, yote hayo kabla ya chakula cha mchana, miguu yake iliyovimba akiwa ameinyoosha juu ya kiti cha pili. Hakuna kilichomtisha tena. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule usioisha kwa kulala.

Filamu hii haikuwa na hata tone la damu. Kamera iliwekwa nyuma ya kitanda katika nyumba ya kutunzia wazee, ikabaki hapo. Kila alasiri wageni waliingia, wakapita, wakaenda vitanda vingine. Mwanamke aliutazama mlango. Uso wake haukuonyeshwa hata mara moja. Basi, ni hayo tu, kwa dakika sabini.

Mwalimu alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Mimi filamu za majini naangalia huku natafuna karanga," akasema. "Hii imenishinda." Akavaa miwani. "Kila mlango ulipofunguka nilikuwa naomba, jamani, huyu awe wake. Afadhali wangetuletea jini."

Mwenyekiti naye hakuwa na hamu ya mjadala. "Ruhusa kwa watu wote?"

"Kwa wote," alisema Bi Mkasi. "Ila zile sekunde nne za sauti zitoke."

"Zina nini tena? Si bibi wa watu kaita tu!" Mwenyekiti akasema.

"Filamu nzima ni kimya. Akifungua mdomo, kazi yote imeharibika."

"Mbona hizo ndizo zilizonimaliza?" Mwalimu akauliza.

"Ndiyo maana nasema zitoke."

Alikuwa na uzoefu kuwashinda wote wawili, nao walishazoea kumwachia. Akajaza ombi la kukata, akajitia matone ya macho, akaegemea kiti hadi wenzake walipotoka.

Kesho yake mchana mtengeneza filamu akapiga hodi. Bi Mkasi alitarajia mwanamume mwenye majivuno. Aliyeingia ni binti mwembamba, viatu vimelika visigino.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama umekuja kunililia, utajichosha bure. Mimi mwenyewe nimechoka tangu asubuhi."

"Sijaja kulia, mama. Nimekuja kuomba. Kata chochote, kata hata nusu saa ukitaka. Hizo nne niachie."

"Kwa nini hizo?"

"Kwa sababu yule si mwigizaji."

Bi Mkasi akaifunika kalamu yake, akaifunua tena.

"Nilikwenda pale kujitolea kufua mashuka," binti akaendelea. "Sasa ni miaka miwili. Majirani ndio waliomleta, alipopooza, na majirani wenyewe wameshahama, hatujui waliko. Maneno yote yamempotea, limebaki hilo jina. La nani, hakuna anayejua. Labda mdogo wake. Labda mtoto. Labda mtu aliyekwisha kufa. Nikasema, nikiipeleka filamu kila mahali, kwenye watu wengi hatakosekana mmoja wa kulitambua."

"Mbona hukumwonyesha uso?"

"Hakutaka. Kila nikizunguka na kamera anajifunika shuka. Nadhani anaona aibu, mdomo umempinda."

Bi Mkasi akageukia dirisha. Nje palikuwa na ukuta wa jengo la jirani, hakuna kingine, lakini aliutazama kwa muda mrefu. Huko koridoni mtu aliburuta kiti, akacheka, akapita.

"Akiita," akauliza hatimaye, "anaita kwa hasira?"

"Hasira?" Binti akashangaa. "Hapana, mama. Anaita kama mtu anayemwita mtoto aje kula."

Bi Mkasi akavuta fomu iliyokuwa juu ya rundo. Akachukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya ombi la kukata. Wakaguzi waliruhusiwa kuweka sahihi ya mkato, na siku zote yeye aliacha mkwaruzo usiosomeka. Safari hii aliandika polepole, herufi moja moja, akisimama katikati kama aliyesahau zinavyofuatana. Kisha akaigeuza karatasi na kuisukuma mbele.

"Angalia kama iko sawa, mwanangu."

Binti alianza kushukuru huku akisoma. Ruhusa kwa watu wote. Isikatwe popote. Macho yake yakashuka hadi mstari wa mwisho, penye jina kamili la mkaguzi, na shukrani zikamkatikia mdomoni. Jina la kwanza, kwa miaka miwili alikuwa amelisikia tu likiitwa kutoka kitandani. Hakuwahi kuliona limeandikwa.