Ufa wa Mwisho

Mama Kasyoka alikuwa amebakisha ufa mmoja tu, pale kwenye kina cha kidimbwi chao cha saruji. Mwaka jana kidimbwi hakikuwa na nyufa. Zilikuja baada ya majirani kuyatoa maji yote kwa ndoo wakimtafuta binti yake, wakampata hapo hapo kwenye kina, amekufa maji. Kisha jua la Ikutha likaikaanga ile saruji tupu.

"Ziba vizuri," mumewe alisema kutoka juu. "Maji yakipotea tena, mbuzi watatuishia."

Alichovya brashi kwenye lami ya moto, lakini mkono ukakataa. Akaiweka chini. Akakoroga udongo kwa maji yake ya kunywa, akaujaza kwenye ufa, akausawazisha kwa kidole gumba. Mvua ya kwanza ingeutoa wote, na maji yangepotea tena.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Mumewe alishuka kukagua. Akachuchumaa penye kina, akabonyeza. Kidole kikazama.

Hakumtazama mkewe. Aliokota brashi, akapitisha lami nyembamba tu juu ya udongo, bila kuukwangua, polepole, mpaka ukawa mweusi kama kwingine.

"Watu wangeuona udongo," akasema.