Korongo Aliyependa Shikamoo

Palikuwa na Korongo, mvuvi wa bwawani, aliyependa kuamkiwa kuliko kula. Kila asubuhi alichimba minyoo, akaidondosha majini iwe chambo, akasimama kwa mguu mmoja kusubiri. Kambare akaibuka.

"Shikamoo, bingwa wa bwawa!"

"Marahaba, mjukuu wangu!" Kwa furaha Korongo akasahau kumdonoa. Kambare akala minyoo, akazama.

Nyumbani, kinda mdogo hakuweza tena kuinua shingo kwa njaa.

"Baba watoto, samaki yuko wapi?" mkewe akauliza.

"Yule ana adabu, mke wangu. Utamlaje anayekuamkia?"

Kesho yake mkewe alijificha kwenye mafunjo pamoja na wanawe, akaikwaruza sauti yake kama ya Kambare: "Shikamoo, bingwa wa bwawa!"

"Marahaba! Kumbe hata majani yananijua!" Korongo akayarushia mafunjo minyoo yote. Makinda wakala mpaka wakacheua.

Jioni akarudi kwa maringo. "Samaki sikupata, lakini leo nimeamkiwa na majani!"

"Hongera, baba," mkewe akasema, akiwafuta watoto midomo. "Kesho chimba minyoo minono zaidi. Majani yale yana watoto."