Mkono wa Fundi Mwiko

Madiwani saba walitaka maduka yajengwe kwenye uwanja wa mji, saba walikataa. Alibaki diwani wa kumi na tano, Fundi Mwiko, mwashi ambaye tangu masika hajapata hata choo cha kujenga.

"Inua mkono, shemeji," jirani yake alinong'ona. "Maduka arobaini! Utajenga mpaka meno yakuishe."

Fundi aliutazama mkono wake. Kwenye kucha kulikuwa na saruji iliyogoma kutoka hata siku ya harusi yake.

"Wanaokubali?" mwenyekiti alirudia, akimtazama yeye peke yake. Fundi aliuacha mkono mezani. "Wanaopinga?"

Mkono ukapanda.

"Shemeji! Una wazimu?"

"Maduka nitawajengea hata pale stendi ya zamani," Fundi alisema, mkono ungali juu. "Lakini uwanja mkishaufunika, msinitafute. Huo sijui kuujenga."