Kicheche na Dohani ya Bibi

Anayeijua hekaya hii kunishinda aseme sasa, maana nikianza sikatizwi.

Kicheche alikuwa fundi wa mdomo. Alilelewa na Bibi Nungunungu, ambaye machozi yalimtoka kila akipika. Juu ya mafiga yalining'inia mahindi ya mbegu, ndiyo hayo tu waliyokuwa nayo ya kupanda.

"Bibi, mimi nipo halafu wewe unalizwa na moshi? Nakujengea dohani, utoke juu."

"Mume wangu, moshi huu una kazi yake."

"Kazi gani, kunipaka masizi?"

Fukusi, mdudu mla nafaka, alikuwa dirishani. "Fundi ndiye huyu," akasema. "Ijenge ndefu, bwana."

Kicheche akaijenga ndefu. Moshi wote ukatoka, jiko likang'aa. Bibi akafuta macho, akatazama juu, akaona Fukusi na ukoo wake wameanza kutoboa mahindi.

"Asante, shemeji," Fukusi akamwambia Kicheche. "Ni moshi tu uliokuwa ukitufukuza."

Kicheche akaparamia paa. Hakuona cha kuzibia, basi akaikalia dohani. Moshi ukarudi ndani, na mafukusi wakakimbia wakikohoa.

"Unaungua, mume wangu?" Bibi akauliza toka chini.

"Naota moto tu, Bibi."

Alikaa pale mpaka siku ya kupanda. Ndiyo maana tumbo lake ni jeusi, na ile harufu msiniulize. Wenzake huziba pua akipita. Bibi yake, mwenye miiba mwili mzima, ndiye pekee anayemkumbatia.