Kamba ya Mzigo

Letisia alimkabidhi Yared kamba ya mkonge, akaivuta mara mbili mbele ya macho yake aone jinsi ilivyo ngumu.

"Ufunge barabara. Mzigo wa mwanangu ukiuangusha njiani, usirudi hapa Rudewa."

Yared alicheka. Alikuwa bodaboda wa miaka mingi; alishabeba vitanda, magunia, hata jeneza. Aliipachika kamba chini ya kiti, akawasha redio yake ambayo husikika kabla pikipiki haijaonekana, akaondoka kwenda stendi ya Kilosa kumpokea Anitha.

Anitha ndiye mtoto pekee wa Letisia. Miaka miwili sasa alikuwa Mikumi, akipika kwenye mgahawa wa kando ya barabara kuu, na hakuwahi kurudi nyumbani hata kwa Krismasi. Jana alipiga simu.

"Mama, nakuja kesho. Ila nakuja na mzigo. Utanipokea?"

"Wewe naye! Mzigo wa mwanangu unishinde kuupokea?"

"Hata ukiwa mzito?"

"Hata ukiwa mzito."

Letisia akamsikia Anitha anapenga kamasi. Mafua, alijisemea. Hakuuliza zaidi, maana mzigo aliujua: cherehani. Binti alimwahidi siku ile anaondoka. Asubuhi hiyo Letisia alifagia kona ya dirishani penye mwanga, akasogeza debe la mahindi, akaitandika kanga yake mpya mahali mzigo utakapokaa. Jogoo alikuwa jikoni tayari. Furaha ilimjaa mpaka akawa anaimba peke yake, na jirani yake Magreti, aliyekuja kumsaidia kuchambua mchele, akamtania kwamba ameolewa upya.

Saa tatu na nusu kipindi cha maoni kikaanza redioni. Wilaya nzima ilimjua Letisia kwa kipindi hicho. Sukari ikipanda bei, Letisia ana maoni. Wanafunzi wakifeli, ana maoni. Mchungaji akihamishwa, ana maoni na bado hajaulizwa. Leo habari ilitoka kijiji kimoja cha upande wa Tindiga: wakulima na wafugaji wamefanya kikao cha amani, wakala chungu kimoja. Mtangazaji akawauliza wasikilizaji, je, tunaweza kuishi kama ndugu?

Magreti alimwona mwenzake anaitafuta simu.

"Leo una mgeni, liache hilo. Ulimi hauna mfupa."

"Na ng'ombe hawana breki," alijibu Letisia, akapiga.

Hapo ndipo palipomuuma. Mwaka juzi ng'ombe wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa waliingia shambani kwake, wakamaliza ekari mbili za mahindi yaliyokwisha kubeba. Mwenye ng'ombe hakujulikana mpaka leo. Anitha alikwenda Mikumi kwa sababu ghalani hapakubaki kitu. Uchungu huo Letisia aliulea, ukanona, na kila redio ilipotaja wafugaji aliulisha tena.

"Mama Anitha wa Rudewa! Tunakusikiliza."

"Undugu gani unaouzungumzia, baba? Hao wafugaji, hao akina Budeba, ndugu zao ni ng'ombe."

"Lakini mama, wengine wamezaliwa hapa hapa. Tunasali nao kanisani."

"Anayezaliwa leo, kesho ameshika fimbo anaswaga ng'ombe kwenye mahindi yangu. Mtu wa kwao havuki kizingiti cha nyumba hii, hata awe kichanga. Na sisemi kwa kujificha! Binti yangu yuko njiani anakuja kwangu, mwulizeni yeye walitufanya nini."

Mtangazaji alicheka, akasema mama leo amewaka. Simu ya Letisia ikaanza kumiminikiwa na ujumbe: umesema kweli, mama, umetusemea wengi. Alimsomea Magreti mmoja mmoja. Magreti aliendelea kuchambua mchele wake.

Saa tano Letisia alimpigia Anitha ajue wamefika wapi. Simu iliita mpaka ikakatika. Mara ya pili haikupatikana. Mtandao wa njia hiyo haueleweki, alisema, akafunika vizuri sufuria ya wali usipoe.

Pikipiki iliingia uani saa sita. Haikutanguliwa na redio, na juu yake alikuwepo Yared peke yake. Hakumwamkia, Yared huyu ambaye hajawahi kumpita Letisia bila shikamoo. Aliinama, akaichomoa kamba chini ya kiti. Ilikuwa imeviringishwa vile vile alivyokabidhiwa.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Tulifika Kimamba akaniambia nigeuze. Nimemrudisha stendi, kapanda gari la Mikumi."

"Kwa nini?"

"Tulikuwa tunakusikiliza, mama."

Letisia hakumwelewa. Aliipokea kamba, akaigeuzageuza, na hofu ya kweli ikamwingia: Anitha ameogopa kuja mikono mitupu.

"Yared, niambie ukweli. Hukuufunga mzigo. Umeuangusha ukavunjika?"

Yared alitazama chini.

"Mzigo alikuwa amembeba mgongoni, mama. Mtoto akawa analia, ndipo nikaongeza sauti ya redio. Jina lake nimeambiwa tunaagana stendi. Anaitwa Budeba."